Kitinda Hakuwa na Mimba

Binti wa Mwalimu hakuwa na mimba. Hakuwa nayo mwaka ule, hakuitoa, wala hakuna mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa ndugu wa mbali. Waliosema hayo walikuwa na macho mazuri na hesabu mbaya. Walimwona binti akiingia kwa daktari wa wanawake, wakaona hakuonekana barabarani kwa miezi miwili, kisha wakamwona amerudi na mashavu na nyonga, basi wakajumlisha. Jibu lao lilizunguka mtaa mzima kabla mwenye tumbo hajaambiwa kwamba ana tumbo. Sasa binti mwenyewe ameruhusu mambo yasemwe yalivyokuwa. Asingeruhusu, lisingeandikwa hata neno moja.

Walimwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho kati ya watano. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa kusoma mita za idara ya maji. Saa moja asubuhi alikuwa ameshatoka na daftari, tochi na kile chuma kilichopinda cha kufunulia vifuniko. Nyumba mia na ishirini kwa siku, kwa miguu, na nusu yake ni za ngazi. Anafunua kifuniko, anamfukuza buibui, anapiga magoti, anafuta kioo kwa kidole gumba, anaandika. Kila nyumba aliifikia mara moja kwa mwezi, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa kumwambia kwamba mita inasema uongo.

“Binti, haya maji yote nimeyanywa mimi?”

“Mzee, mita haina ndugu wala adui. Inahesabu tu.”

“Basi huyo aliyeitengeneza ni mwizi.”

“Huyo simjui, mzee. Mimi namjua buibui wako tu.”

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupeleka malalamiko idarani kwamba msichana yule amemjibu vibaya. Adabu aliitoa kwao. Mama yake alifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Baba yake, mpima ardhi, alifariki Kitinda akiwa darasa la pili, akamwachia mkewe watoto watano, rafu mbili za vitabu na jina ambalo watu walilitamka kwa heshima. Mwalimu aliwasomesha wote watano. Alistaafu bila doa, na hata watu wazima wenye mvi walipomwona barabarani waliweka mikono nyuma kana kwamba hawajamaliza kazi ya nyumbani.

Jioni, baada ya nyumba mia na ishirini, Kitinda alikimbia. Idara ya maji ilikuwa na timu ya riadha ya wasichana tisa, na kocha wao alikuwa mtunza ghala, mtu mwema aliyewahi kukimbia enzi zake na ambaye bado alitembea kama anayesubiri filimbi. Kila Ijumaa aliwapanga mbele ya mizani kubwa ya ghalani, ile ya kupimia mabomba na shaba chakavu, akawapima mmoja mmoja. Kilo aliziandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma. Aliyepungua alipigiwa makofi. Aliyeongezeka aliambiwa, “Wewe wiki hii umekula bomba gani?” na wenzake wakacheka, na Ijumaa iliyofuata akaja amejikondesha.

Kitinda alipigiwa makofi kuliko wote.

Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo wambeya hawakulijua, maana wangelijua wangelisema. Mwalimu naye alipiga makofi. Alifanya zaidi ya hapo. Alichukua karatasi ya miraba, akachora mihimili kwa rula, akaanza kuweka alama kila Ijumaa: kalamu ya bluu kwa kilo za mwanawe, kalamu nyekundu kwa dakika zake za kilomita tano. Karatasi aliibandika ukutani juu ya meza ya chakula. Kilo zikashuka kutoka hamsini na sita hadi hamsini na tatu, dakika zikashuka kutoka ishirini na mbili hadi ishirini na moja. Kilo zikafika hamsini, dakika zikawa ishirini na nusu. Mistari miwili ilikuwa inateremka pamoja, mizuri kama mfano wa kitabuni, na Mwalimu akaamini kwamba mmoja ndio unaomvuta mwenzake. Wanafunzi wangapi aliwahi kuwapa alama mbovu kwa kuamini jambo la namna hiyo?

Kitinda alipounyoosha mkono upande wa bakuli la wali, mama aliutazama ule mkono, kisha akautazama ukuta.

“Kijiko kimoja tu, mama.”

“Mwanariadha hali kama mchimba mitaro.”

“Lakini mimi kutwa niko kwenye hiyo mitaro.”

“Kunywa maji.”

Alicheka, akanywa maji. Asubuhi kikombe cha uji usio na sukari, mchana chungwa alilolimenya akitembea, jioni nusu sahani. Mstari wa bluu ukafika arobaini na saba. Mwezi ule mstari mwekundu uliacha kushuka. Mwezi uliofuata ukaanza kupanda. Mwalimu aliutazama mchoro wake kwa muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akatoa hukumu: “Tatizo ni kwamba wa bluu haujashuka vya kutosha.”

Ulishuka hadi arobaini na tano.

Kisha siku moja, saa tano asubuhi, kwenye ngazi za nyumba ya ghorofa tatu, mguu wa kulia wa Kitinda ulikataa. Hakuanguka wala hakuteleza. Alikanyaga tu ngazi ya nne, akasikia maumivu ya kisu kwenye muundi, akakaa chini hapo hapo na daftari mapajani. Mwenye nyumba, ambaye kwa miezi sita alikuwa akimwita kibaraka wa wezi wa maji, alimbeba mgongoni hadi chini akihema na kulalamika. “Mwepesi hivi? Binti, kwenu hamli?” Maneno hayo yalimfikia Mwalimu siku ile ile, na yalimuuma kuliko mguu ulivyomuuma mwanawe.

Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Daktari wa mifupa alisema mfupa wa msichana wa umri ule haupasuki kwa kupanda ngazi. Alimuuliza swali moja kwa sauti ya chini, akasikia jibu, akaandika barua ya kuwapeleka jengo la pili, kwa daktari wa wanawake. Mlangoni pa jengo hilo ndipo walipoonekana. Aliyewaona ni jirani yao wa upande wa pili wa barabara, ambaye mtaa ulimwita Mama Pazia, kwa sababu pazia lake lilikuwa na mkunjo wa kudumu mahali anaposhikilia.

Daktari wa wanawake alipoinua macho kutoka kwenye makaratasi, alisimama.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Wewe ulikuwa unakaa dawati la dirishani.”

“Ndiyo, Mwalimu. Na ulinihamisha.” Akamgeukia Kitinda. “Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?”

Kitinda alitazama sakafu. “Miezi kumi na moja.”

“Kumi na moja?” Mwalimu alisema hivyo mara mbili. “Kumi na moja, na mimi nimekaa nyumba moja na wewe?”

“Mama, si mimi peke yangu. Wenzangu wengine nao zimekata. Tunafurahi hata. Tunasema sasa mazoezi yamekolea.”

Daktari alieleza kwamba kipimo cha kwanza ni cha mimba. Mwalimu alikiweka kibeti chake mapajani, akamkazia macho.

“Usinitazame hivyo, Mwalimu. Namfanyia kila anayekuja na jambo hili, hata angekuwa ametoka kwenye nyumba ya watawa. Ni utaratibu.”

Kipimo kilisema hakuna mimba. Na iwekwe wazi hapa kwa mara ya mwisho: hakuna. Vipimo vya damu vilivyofuata, vya tezi ya shingo na vya homoni mbalimbali, vilichukua siku nne. Waliporudi, daktari alivuta kiti chake akakaa upande wao wa meza.

“Kitinda si mgonjwa wa kizazi,” alisema. “Kizazi chake kizima, mayai yake yapo. Kilichotokea ni kwamba ubongo umeacha kutoa amri. Kwa kawaida, kutoka ndani ya ubongo zinatumwa homoni za kuyaamsha mayai, na mayai yanapokua yanatoa homoni yake, estrojeni. Hiyo ndiyo inayotengeneza hedhi, na hiyo hiyo ndiyo inayolinda mifupa. Sasa ubongo unapima kila siku: kimeingia chakula kiasi gani, na kimetumika kiasi gani. Huyu anatembea kutwa, jioni anakimbia, na anakula cha mtu aliyelala. Ubongo ukiona hakitoshi, unafunga kwanza kile ambacho mwili unaweza kuishi bila hicho. Moyo hauwezi kuufunga. Uzazi unaweza.”

Kitinda aliinua kichwa. “Ni mgao.”

“Nini?”

“Mgao wa maji, daktari. Maji yakipungua kwenye tangi, sisi tunafunga koki za bustani kwanza. Hospitali hatufungi. Anayekaa jirani na bustani anafikiri bomba limepasuka, kumbe bomba zima.”

Daktari alicheka. “Nitaanza kuwaambia hivyo wagonjwa wangu. Ndiyo, ni mgao. Na ukiendelea muda mrefu, mifupa inakauka. Ndiyo maana ngazi moja imekushinda.”

Mwalimu hakucheka. Alifungua kibeti, akatoa karatasi ya miraba iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameibandua ukutani asubuhi ile. Angeweza kuichoma jikoni na dunia isingejua, lakini hakulelewa hivyo. Aliikunjua juu ya meza mbele ya mwanafunzi wake.

“Mimi ndiye niliyechora hii. Yeye aliomba kijiko kimoja, mimi nikatazama ukuta.”

Daktari aliusoma mchoro taratibu. “Mwalimu, mwaka ule ulinipa sifuri kwa kusahau kuandika majina ya mihimili.”

“Nakumbuka.”

“Mihimili yako imeandikwa vizuri sana. Lakini umeacha mstari wa tatu. Alichokula.”

“Na ulipopanda huu mwekundu?”

“Hapo mwili ulikuwa unakwambia. Wewe ukadhani anayekosea ni yeye.”

Mwalimu aliuliza kama hakuna vidonge vya kuzirudisha zile siku upesi. Daktari alisema vipo vya kumfanya mtu aone damu kila mwezi, lakini kwa hali ya Kitinda vingeficha kasoro bila kuiondoa, na mfupa usingedanganyika. Dawa ilikuwa milo mitatu ya kushiba, vitafunio viwili katikati, wiki nane za kutoukanyagia mguu, na baada ya hapo kazi tu, bila kukimbia, hadi siku zake zirudi zenyewe. Lini? Daktari alisema anayejua ni mwili, na mwili hauna kalenda ya mashindano.

Basi Mwalimu aliingia jikoni kama alivyokuwa akiingia darasani. Mayai mawili asubuhi, maziwa, mkate uliopakwa siagi hadi kingo. Mchana maharage na wali, samaki, parachichi. Karanga kwenye kopo la kufungwa, ndizi mfukoni. Kitinda alikaa sebuleni na magongo yake ya kutembelea, akinung’unika: “Mama, unaninenepesha kama bata.” Mama anajibu: “Bata hajui kusoma mita. Maliza.” Mwanzoni chakula kilimshinda kweli. Mtu aliyejizoeza njaa kwa mwaka na zaidi hashibi kwa furaha. Kuna siku alilia juu ya sahani kwa kuona paja lake limejaa kitini, na mama yake akakaa naye hadi sahani ikaisha. Haikuchukua muda mfupi.

Miezi miwili ilipopita alirudi kazini, na mtaa ukamwona. Suruali ya kazi ilikuwa mpya, namba kubwa zaidi. Mama Pazia alimsubiri getini.

“Mwanangu! Siku hizi umejaa. Umependeza.”

“Asante, mama. Nakula.”

“Unakula kwa ajili ya watu wangapi?”

Kitinda alikuwa amepiga magoti mbele ya mita. Aliandika kwanza, kisha akasimama, akapangusa magoti. “Mama, mita yenu imepanda sana mwezi huu. Kuna mahali panavuja. Tafuteni fundi, maana kinachovuja kwenu kinafika barabarani.”

Hakusema zaidi, akaenda nyumba ya jirani. Lakini nyumba ni mia na ishirini kwa siku, na katika kila mlango palikuwa na macho yaliyoanzia tumboni ndipo yakapanda usoni. Hakuna msichana mwingine mtaani ambaye kazi yake ingempitisha mbele ya wasemaji wake wote, mmoja baada ya mwingine, kila mwezi. Angeweza kuomba kazi ya ofisini. Hakuomba.

Mwezi wa tano tangu mguu upasuke, akaja shemeji yake Mwalimu, mdogo wa marehemu, ambaye kwa Kitinda ni baba mdogo. Alikunywa chai yote kabla ya kusema kilichomleta.

“Shemeji, mambo yamefika hadi kwangu, na mimi nakaa mbali. Jina la kaka linachezewa.”

“Nimesikia.”

“Baada ya wiki tano kuna mashindano ya idara zote. Mguu umepona. Apunguze kidogo, avae bukta, akimbie mbele ya watu. Tumbo la mimba halikimbii kilomita tano. Watafunga midomo siku hiyo hiyo.”

Mwalimu alichukua kikombe kitupu, akakipeleka jikoni. Na ukweli ni kwamba alishawishika. Jina lile alilitunza miaka kumi na mitano peke yake, alilifua na kulipiga pasi kila asubuhi, na sasa aliambiwa linaweza kurudishwa kwa wiki tano tu. Alipomwona shemeji yake ameondoka, aliingia chumbani kwa Kitinda, akavitoa viatu vya mbio chini ya kitanda, akaviweka kitandani. Akasimama hapo.

Kitinda aliviona. “Baba mdogo kasema nikimbie?”

“Kasema.”

“Na wewe unasemaje?”

“Wanasema una mimba, mwanangu. Wanasema tumeitoa. Baba yako…”

“Mama. Mguu umepona, siku zangu hazijarudi. Wakisema nina mimba, mfupa wangu haupasuki. Nikikimbia sasa, unapasuka. Waache waseme. Mimi ndiye ninayepita milangoni kwao, si baba mdogo, na nimeshazoea.” Alivichukua viatu, akavirudisha chini ya kitanda. “Leo kuna nini cha kula?”

Mwalimu alifundisha watoto wa watu kwa miongo mitatu na hakumbuki kusahihishwa vizuri kuliko siku ile. Alitoka chumbani amenyooka. Mwanawe mwenyewe alikuwa amebeba jina la nyumba nzima juu ya mwili wake, na hakutaka kuliweka chini.

Siku ya mashindano walikwenda wote wawili. Mwalimu alivaa gauni lake la sherehe za shule, akakaa safu ya mbele. Kitinda, kilo hamsini na nne, alisimama mstarini na saa ya kupimia muda, kwa kuwa kocha alihitaji mtu anayejua namba. Nyuma ya Mwalimu wanawake wawili wakaanza kunong’ona. Aligeuka na kiti chake.

“Ongeeni kwa sauti, hata wa nyuma wasikie.”

Wakanyamaza kama darasa.

Baada ya mbio Kitinda aliwaita wenzake wanane nyuma ya jukwaa, akawaeleza yote, kwa maneno ya wazi, bila kuzunguka. Aliwauliza nani zake zimekata. Mikono mitatu ilinyooshwa, kisha wa nne, wa yule aliyeshinda siku ile. Kocha alisimama pembeni akigeuza kofia mikononi. Mwalimu alimwendea akamwambia naye alichora mchoro, kwa hiyo hakuja kumlaumu. Yule mtunza ghala alisema hakujua. Alisema wakati wake walipimwa vivyo hivyo. Jumatatu aliuosha mlango wa chuma kwa mkono wake mwenyewe, na wasichana wanne walikwenda jengo la pili, kila mmoja na mama yake au dada yake.

Mwezi wa nane, asubuhi ya siku ya kazi, Kitinda alitoka bafuni akamwomba mama yake kitu ambacho wanawake huombana kwa sauti ndogo. Mwalimu alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini, akampa alichoomba, akarudi jikoni akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kucheka peke yake hadi uji ukaungua. Mwezi uliofuata zilirudi tena, na uliofuata. Ndipo daktari alipomruhusu kukimbia, siku mbili kwa wiki, kisha tatu.

Mwaka uliofuata alikimbia mashindano yale yale akiwa na kilo hamsini na tano. Alikuwa wa pili, kwa dakika kumi na tisa na sekunde arobaini. Siku alipokuwa mwembamba kuliko zote hakuwahi kuufikia muda huo. Wale waliokuja kumpima tumbo waliishia kuutazama mgongo wake ukienda.

Jioni ile watu walipita kutoa pongezi. Mama Pazia naye alivuka barabara, akala, akasifu chai, akabaki hadi wengine wakaondoka. Kisha akasogeza kiti.

“Mwalimu, sisi ni majirani, tusifichane. Huyo daktari amesemaje hasa? Mtoto atazaa? Na yule kijana mrefu aliyemletea maji pale uwanjani, ndiye nani?”

Mwalimu alikusanya vikombe, akaviweka kwenye sinia. “Yaliyohitaji kusemwa yamesemwa, jirani. Hayo mengine hayakuhusu.”

“Lakini watu watauliza…”

“Waulize. Mimi sisemi.”

Akafungua mlango, akausimamia hadi mgeni alipotoka.